Peleti za mbao: Akiba ya moto inayonunuliwa kabla ya baridi

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walinena kwamba akiba haiozi. Kwa kaya nyingi za Ulaya na Marekani zinazopasha nyumba joto kwa peleti za mbao, usemi huo ni kweli kwa sharti moja: akiba hiyo inunuliwe mapema na ihifadhiwe pakavu. Anayesubiri theluji ianguke ndipo aende dukani huweza kulipa maradufu au kurudi mikono mitupu, kama ilivyodhihirika mwaka 2022.

Peleti ni nini?

Ni vipande vidogo vya mviringo, mfano wa kalamu ya risasi iliyokatwakatwa. Vingi vina unene wa milimita 6 na urefu usiozidi sentimita 4. Hutengenezwa kwa unga wa mbao na maranda kutoka viwanda vya kupasulia magogo. Malighafi hiyo hukaushwa, kisha hushindiliwa kwa nguvu kupitia matundu membamba. Joto la msuguano hulainisha lignini, ambayo ni gundi ya asili iliyomo ndani ya mti, nayo hushikamanisha unga huo.

Kilo 1 ya peleti hutoa takriban kilowati-saa 4.8 za joto, na kilo 2 hukaribia kulingana na lita 1 ya mafuta ya kupashia nyumba. Jiko lake huwa na mota inayosukuma peleti chache chache motoni, hivyo hapana haja ya kuamka usiku kuchochea kuni. Hata hivyo, umeme ukikatika, jiko la aina hiyo nalo huzimika.

Somo la mwaka 2022

Baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mbao na peleti kutoka Belarus na Urusi. Wakati huohuo, hofu ya kukosa gesi iliwafanya watu wengi wakimbilie peleti kwa pamoja. Nchini Ujerumani, tani 1 iliyouzwa chini ya euro 250 katikati ya mwaka 2021 ilipindukia euro 700 kufikia Septemba 2022.

Serikali zililazimika kuingilia kati. Ufaransa ilitoa msaada wa fedha kwa kaya za kipato cha chini na cha kati zinazotumia kuni na peleti, na Italia ikapunguza kodi ya ongezeko la thamani kwa peleti kutoka asilimia 22 hadi 10 kwa mwaka 2023. Katikati ya mwaka 2023, bei nchini Ujerumani ilikuwa imeshuka chini ya nusu ya kilele chake. Waliokuwa wamejaza ghala kabla ya mtafaruku huo walinusurika.

Kiasi gani kinatosha?

Nyumba inayohitaji kilowati-saa 15,000 za joto kwa mwaka, ikiwa na mtambo wenye ufanisi wa asilimia 90, hutumia takriban tani 3 na nusu. Hiyo ni sawa na mifuko zaidi ya 230 ya kilo 15, na huhitaji nafasi ya mita za ujazo 5 na nusu hivi. Kwa kawaida bei huwa nafuu baridi inapokwisha hadi mwanzoni mwa kiangazi, kwani wanunuzi ni wachache.

Mnunuzi hushauriwa kutafuta alama ya ubora kwenye mfuko. Katika daraja la A1 la ENplus, unyevu hauzidi asilimia 10 na majivu hayazidi asilimia 0.7. Mfuko wenye vumbi jingi chini ni dalili mbaya, kwa kuwa vumbi huziba njia ya kulishia jiko.

Unyevu na gesi ya sumu

Peleti zikipata maji huvimba, hufumuka na kurudi kuwa unga usiofaa. Mifuko hupangwa juu ya mbao, mbali na sakafu na kuta zenye unyevu.

Hatari kubwa zaidi haionekani. Peleti zilizorundikwa bila mifuko ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hutoka hata pasipo moto wowote, hasa majuma ya mwanzo baada ya ghala kujazwa. Watu wawili, mmoja nchini Ujerumani mwaka 2010 na mwingine nchini Uswisi mwaka 2011, walifariki dunia baada ya kuingia katika maghala ya aina hiyo.

Kwa hiyo ghala la peleti linapaswa kuwa na matundu ya kupitisha hewa kwenda nje. Kabla ya kuingia, mlango uachwe wazi kwa muda, mtambo uzimwe, na mtu wa pili abaki nje akiangalia. Watoto wasiruhusiwe kuingia kabisa.