Vitabu vya Ubatizo vya UMCA na Wanaotafuta Mababu

Oktoba 1876, Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na watu zaidi ya 50 waliokuwa wamekombolewa utumwani. Walishuka Lindi, wakashika njia ya bara kwa nia ya kufika Ziwa Nyasa. Hawakufika. Walipoona Masasi ina maji na ardhi ya kulima waliomba wabaki hapo hapo, na Steere akakubali. Mwaka 2026 msafara huo unatimiza miaka 150, na huko Masasi, Newala, Muheza na Mbweni zipo koo zinazotaka kujua babu wa babu yao alitoka wapi kabla ya kupitishwa soko la watumwa. Wengi huanza na vitabu vya kanisa, kwa kuwa mzee wao wa kwanza kujulikana alibatizwa na UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Wakiuliza huambiwa kwamba chama hicho kilikufa mwaka 1965 na kumbukumbu zake zimepotea. Kwa maoni yangu jibu hilo limechanganya mambo mawili. Mengi yaliyoandikwa bado yapo, ila yametawanyika. Yale ambayo hasa mjukuu anayatafuta hayakuandikwa hata siku ya kwanza, na asiyetenganisha hayo mawili atakula miaka akiisaka karatasi ambayo haijawahi kuwapo.

Historia ya chama chenyewe yaweza kusimuliwa kwa haraka. Kilizaliwa na hotuba ya David Livingstone mjini Cambridge, Desemba 1857. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alifungua kituo Magomero, nyanda za Shire, mwaka 1861, akakusanya watu waliookolewa njiani kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa, na Januari 1862 akafa kwa homa. Mrithi wake, William Tozer, aliona bara halikaliki akahamia Unguja mwaka 1864. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa wavulana watano waliotekwa kutoka kwenye jahazi na kutolewa na Sultani Majid. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Kiungani ikawa shule ya wavulana. Mbweni, shamba lililonunuliwa mwaka 1871, likawa kijiji cha watu wazima na shule ya wasichana, ambayo kwa miaka mingi iliongozwa na Caroline Thackeray. Soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa mwaka 1873 kanisa kuu likaanza kujengwa mahali pake, na Kanisa la Mtakatifu Yohane la Mbweni likawekwa wakfu mwaka 1882. Kutoka visiwani misheni ikaenea hadi Magila, Masasi, Newala na Likoma. Mwaka 1965 UMCA iliunganishwa na chama kingine cha Kianglikana cha Uingereza, na jina lake likaisha.

Tangu mwanzo, basi, kanisa hili halikukusanya waumini kama parokia ya kawaida, ambapo mtoto huletwa na wazazi na padri amewajua babu na bibi. Waumini wake wa kwanza waliletwa na manowari. Baada ya mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza mwaka 1873, meli za Kiingereza zilizidisha msako wa majahazi, na tangu 1874 HMS London ilitia nanga Unguja kama kituo cha kazi hiyo. Waliookolewa walifikishwa kwa balozi wa Uingereza, na ofisi yake ndiyo iliyoamua nani aende kwa UMCA, nani kwa mapadri Wakatoliki wa Bagamoyo, nani apelekwe Freretown, Mombasa, kwa Church Missionary Society (CMS), na nani aachwe mjini ajitafutie riziki. Kwa hiyo karatasi ya kwanza kumtaja mtu huyu kama mtu huru ni ya serikali. Orodha za ubalozi ziliandika jina, jinsia, umri wa kukadiria, kabila na mahali alikopelekwa, na mafaili ya ubalozi huo yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani. Anayeanzia kwenye kitabu cha ubatizo ameanza hatua moja mbele mno, na kosa hilo huwapata hata watafiti wenye bidii, maana kitabu cha kanisa kina heshima kuliko faili la karani.

Tazama sasa kitabu chenyewe. Mpangilio wa rejista ya ubatizo ya Kianglikana uliwekwa kwa sheria ya Uingereza ya 1812: tarehe, jina la mtoto, majina ya baba na mama, jina la ukoo, makazi, kazi ya baba, jina la mhudumu. Fomu hiyo ilitungwa kwa ajili ya kijiji cha Kiingereza ambacho kila mtu anamjua baba wa mwenzake. Mtoto aliyeshushwa jahazini, aliyenyang'anywa mama yake karibu na Ruvuma akiwa na miaka mitano, angejazwaje katika safu ya wazazi? Jina la ukoo je? Hata jina lake mwenyewe lilikuwa na tabaka. La kwanza alipewa na mama yake, la pili alipewa njiani au na mnunuzi, na hapa ndipo tunapokutana na akina Mabruki, Feruzi na Farajallah. La tatu alilipata kwenye maji ya ubatizo, akawa John, Cecil au Agnes. Katika maandishi ya misheni tunaona la tatu likiunganishwa na la pili, na baadaye la pili likatumika kama ubini wa watoto. La kwanza, ambalo pekee lingetupeleka kwenye ukoo, ndilo lililokuwa rahisi zaidi kuachwa. Hapa hapakuwa na moto wala mchwa. Pengo liliingia pamoja na kalamu.

Itasemwa kwamba lipo kabila, na kabila linatosha kutuonyesha upande. Linatuonyesha upande, ni kweli, lakini kwa tahadhari. Neno Mnyasa lilibandikwa kwa yeyote aliyetoka upande wa ziwa, awe Mmang'anja, Mchewa au mwingine aliyeuzwa na kununuliwa mara mbili kabla ya kuona maji ya chumvi. Aliyelelewa miaka miwili katika nyumba ya Wayao alifika Unguja akisema Kiyao, na karani akaandika alichokisikia. Kwa sababu hiyo kabila la kwenye rejista husema zaidi juu ya njia aliyopitia mtu kuliko tumbo alilotoka. Hata hivyo nisingelitupa. Njia nazo ni ushahidi. Ukijua alipitia Kilwa au pwani ya kusini zaidi, na ukajua mwaka, umepunguza sana eneo la kutafuta, kwa kuwa vita na njaa vilivyozalisha mateka wa miaka ile vinajulikana kwa majira na mahali pake.

Kuna mahali pamoja ambapo ukimya wa fomu ulivunjwa, na naona ajabu kwamba hapatajwi zaidi. Mwaka 1887 A. C. Madan wa UMCA alichapisha London kitabu kiitwacho Kiungani, chenye masimulizi ya wavulana wa shule hiyo juu ya maisha yao wenyewe, yaliyoandikwa nao kwa Kiswahili naye akayafasiri kwa Kiingereza. Humo mna kile ambacho safu za rejista hazikuwa na nafasi ya kukibeba: kijiji kilivyokuwa, nani alifanya nini nyumbani, uvamizi ulivyoingia, nani aliuzwa kwa nani na kwa safari ipi. Msomaji mkali atauliza: maandishi ya mtoto wa shule, yaliyoandikwa mbele ya mwalimu Mzungu anayetarajia simulizi la giza lililofuatwa na nuru, yana thamani gani kama ushahidi? Swali ni la haki. Lakini mwalimu alikuwa na hamu na mwisho wa hadithi, yaani wokovu. Hakuwa na sababu ya kubuni jina la mto au aina ya chakula kilicholiwa siku ya uvamizi. Mambo madogo yasiyomnufaisha mtu ndiyo ya kuaminiwa kwanza, na ndiyo hayo hayo yanayomfaa mtafuta ukoo.

Kutoka hapo hazina inayofuata ni ndoa. Misheni ilikusudia kabisa kuwaoza wasichana wa Mbweni kwa vijana wa Kiungani, kisha kuwatuma wakiwa mume na mke, mwalimu na mkewe, kwenda vituo vya bara. Mpango huo una mengi ya kukosolewa, hasa kuhusu hiari ya wasichana wenyewe, lakini kwa mtafiti umeacha nyayo zilizo wazi kuliko ubatizo. Mume ana cheo, cheo kina kituo, kituo kina taarifa za kila mwaka. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa akiwa mtoto, anaweza kufuatwa kutoka Kiungani hadi Chitangali kule kusini na hadi upadri mwaka 1890, akiwa padri Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo. Walimu wa kawaida hawakupata sifa kama yake, lakini walikuwa na Msimulizi. Gazeti hilo dogo lilianza kuchapishwa Kiungani mwaka 1888, kwa Kiswahili, likibeba habari zilizoletwa na watu wa vituoni wenyewe: nani amehamishwa, nani ameoa, nani amezikwa. Ukilisoma sambamba na Central Africa, jarida la Kiingereza la chama lililoanza mwaka 1883, unapata picha mbili za kituo kimoja: ya Kiingereza inawataja Waafrika kwa kundi, ya Kiswahili inawataja kwa majina. Kwa hiyo mzee mmoja asitafutwe peke yake. Tafuta waliobatizwa naye siku moja, wasimamizi wake wa ubatizo, waliooa mwaka aliooa yeye, waliotumwa kituo kimoja naye. Aliyepoteza ukoo alijengewa ukoo mwingine hapo Mbweni, na huo wa pili ndio ulioandikwa.

Upotevu wa kweli ulikuwepo pia, nisieleweke vibaya. Septemba 1882 wapiganaji wa Kingoni walioitwa Magwangwara waliivamia Masasi. Wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka kwa mara ya pili katika maisha yao, na kijiji kikatawanyika. Chauncy Maples, mmisionari wa hapo, akahamishia kazi Newala. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza Wajerumani waliwafunga wamisionari wa UMCA pamoja na mapadri na walimu Waafrika, na vituo vingi vya bara vikakaa bila wa kuandika chochote. Kisha ukaja muungano wa 1965, ambao uligawa urithi kwa namna isiyopendeza lakini inayoeleweka: barua, taarifa na majalada ya makao makuu yalibaki Uingereza na leo yako Oxford, katika maktaba ya Bodleian, huku vitabu vya ubatizo na ndoa vikiwa mali ya parokia. Wapo watakaosema kwamba kwa hali hiyo haifai kuiita taasisi hii mfu, kwa kuwa Kanisa Anglikana la Tanzania lipo na dayosisi zake zinasali kila Jumapili. Sawa kabisa, waumini hawakufa. Kilichokufa ni ofisi iliyokuwa inajua kwamba barua ya London, kitabu cha Mbweni na faili la balozi vinamzungumzia mtu mmoja. Dayosisi haina sababu ya kujua hilo. Kwa padri wa parokia kitabu cha zamani ni kitendea kazi: hukifungua kutoa cheti kwa anayetaka kuoa, na kikichakaa hununua kipya.

Pingamizi zito kuliko yote halihusu karatasi. Wapo wasiotaka jambo hili lichimbuliwe. Pwani, kusema fulani ni mjukuu wa mtumwa kumekuwa tusi kwa vizazi, na sensa za Zanzibar za 1924 na 1931 zinaonyesha jinsi watu kwa maelfu walivyohama kutoka utambulisho mmoja kwenda mwingine, kutoka Uswahili kwenda Ushirazi, pale walipoona faida au heshima iko upande gani. Mkristo wa Mbweni hakuwa na mlango mwepesi kama huo, maana jina lake lenyewe lilimtangaza. Wako wazee walioamua kunyamaza, na ukimya wao ulikuwa ulinzi kwa watoto wao. Naliheshimu hilo, ila silioni kuwa sababu ya kuacha vitabu viozee kabatini. Mzee ana haki ya kutosimulia yaliyompata. Haki hiyo haimpi mtu mwingine ruhusa ya kuamua kwamba kitukuu, akiuliza kwa hiari yake juu ya damu yake mwenyewe, asijibiwe. Jibu hapa ni utaratibu: vitabu vipigwe picha vyote, lakini ukurasa wa ukoo usomwe na wa ukoo, na orodha zisibandikwe hadharani.

Wengine hushauri kwamba masimulizi ya wazee yanatosha, na vijana siku hizi hutaja kipimo cha vinasaba. Kipimo kitasema upande wa bara na kuonyesha binamu waliopima pia. Waliopima kutoka mabonde ya Shire au kandokando ya Ruvuma ni wachache mno kumpa mtu kijiji. Masimulizi ya nyumbani ni mazuri sana kwa vizazi vitatu, yakivuka hapo majina huanza kurudiwa na miaka kuyeyuka. Lakini mara nyingi yana kitu ambacho rejista haina: jina la kwanza, lile la mama, likiwa limefichwa kwenye jina la utani la bibi au katika mwiko wa chakula ambao hakuna anayejua asili yake. Vitu hivyo vikiwekwa mbele ya mwaka uliotajwa katika faili la Kilimani na kituo kilichotajwa katika Msimulizi, huanza kusema. Kanoni Kolumba Msigala wa Masasi aliacha kumbukumbu alizoandika mwenyewe, ambazo zimo katika nyaraka za UMCA na wanahistoria wamezitumia kwa faida kubwa. Familia za Masasi ambazo wazee wao aliwafahamu zinapaswa kuzipata kwa Kiswahili, hapo hapo Masasi, bila kuomba viza.