Filimbi Kabla ya Wimbo

Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa bado havijazimwa, Mjerumani aitwaye Karl Weule alishuka Lindi akiwa na kamera na fonografu. Alikuwa mtu wa makumbusho ya Leipzig. Mpango wake wa awali ulikuwa kwenda upande wa Kondoa Irangi, lakini machafuko ya wakati ule yakamgeuza kusini: Masasi, Newala, uwanda wa juu wa Makonde. Hebu fikiria. Huko kusini jeshi la Wajerumani linachoma mashamba na maghala ili njaa imalize kazi ya bunduki, halafu anatokea mgeni mwenye pembe ya bati na kuomba watu waimbe ndani yake.

Niko kwenye shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu sauti zilizonaswa enzi ya Wajerumani. Watu wakiniuliza nasoma nini, huwa najibu "nyimbo za zamani" ili yaishe. Kwa kweli muda mwingi nasoma habari za vyombo vilivyobeba nyimbo hizo.

Chombo chenyewe ni silinda inayoenea kiganjani. Tunaiita ya nta, ingawa kikemia iko karibu zaidi na sabuni ngumu. Mwimbaji anaimba kwenye pembe, sindano inatetemeka na kuchimba mfereji mwembamba, na baada ya dakika mbili au tatu nafasi imekwisha, wimbo umalizike usimalizike. Ngoma iliyochezwa usiku kucha imebaki kipande. Tena sindano inayoisoma silinda ndiyo inayoikwangua, kwa hiyo kila anayesikiliza anapunguza kidogo cha kusikiliza. Ukungu hula kilichobaki.

Jumba la Phonogramm-Archiv la Berlin, lililoanza mwaka 1900 kwa juhudi za Carl Stumpf, lilipata dawa yake. Silinda ilizamishwa kwenye maji ya madini yenye umeme hadi ikafunikwa na shaba. Nta ikatolewa, ukabaki mkebe wa shaba ambao ndani yake mifereji imegeuka kuwa matuta. Kutoka kwenye mkebe huo zilitengenezwa silinda mpya. Silinda ya kwanza, ile iliyokuwepo mbele ya mdomo wa mwimbaji, mara nyingi iliharibika katika kazi hiyo. Hapa ndipo ninapobishana na wanaosema dijitali imeua "uasilia". Asilia nyingi ziliuawa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwa nia njema kabisa.

Shaba hiyo nayo imesafiri. Baada ya Vita Kuu ya Pili sehemu kubwa ya makusanyo ilichukuliwa hadi Leningrad, ikarudishwa Berlin Mashariki, na ilirejea kwenye makumbusho yake mwaka 1991, baada ya ukuta kuanguka. Mwaka 1999 UNESCO iliyaingiza makusanyo hayo kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Kuyageuza kuwa faili si suala la kuchomeka waya. Nta mpya hutengenezwa kutoka kwenye shaba, huchezwa kwa sindano nyepesi, na sauti hunaswa ikiwa na mikwaruzo yake yote. Faili kuu haisafishwi. Ukitaka kuondoa kelele, unafanya hivyo kwenye nakala. Lakini swali gumu zaidi ni la mwendo. Fonografu iliendeshwa kwa spring iliyojazwa kwa mkono. Ukicheza silinda haraka kuliko ilivyorekodiwa, mzee anakuwa kijana na mwanamke anakuwa mtoto. Berlin iliwaagiza wasafiri wake wapulize filimbi yenye mitetemo 435 kwa sekunde kabla ya wimbo kuanza. Leo fundi anairekebisha filimbi hiyo kwanza, na mwimbaji anarudi kwenye sauti yake. Nikiri kwamba naipenda filimbi ile kuliko inavyostahili. Ni pumzi ya mkoloni, na ndiyo inayotuhakikishia sauti ya babu zetu.

Mahali ambapo haikupulizwa, au haisikiki, tunakisia.

Jina la mwimbaji halina filimbi ya kulipimia. Katika kitabu cha safari cha Weule, kilichotoka 1908, yumo mpagazi Mnyamwezi aitwaye Pesa Mbili, na ni miongoni mwa wachache wanaoitwa kwa jina lolote. Pesa 64 zilikuwa rupia moja, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Huenda alijiita hivyo kwa utani wa wapagazi, huenda aliitwa hivyo kambini. Kompyuta inanakili alichoandika karani wa 1906, ikiwa na makosa yake, halafu inakipa sura ya data safi. Sanduku la "mwimbaji" likiwa tupu, linabaki tupu kwa ubora wa biti 24.

Wenzangu wengi darasani wanasema: wekeni kila kitu mtandaoni, yaishe. Nami nilianza hivyo. Lakini Weule alihudhuria hata sherehe za unyago, na makusanyo ya zama zake yana mambo ambayo mwanamume, au mtu ambaye hajachezwa, hakupaswa kuyasikia. Kuyafungulia dunia nzima bila kuuliza ni kurudia kosa la mwenye pembe, safari hii kwa kasi ya intaneti. Wa kuulizwa ni wanaojua Kiyao, Kimakua na Kimakonde cha zamani, na umri wao hausubiri ruzuku ya utafiti.

Kwa hiyo nimeomba kibali cha kwenda Newala mwakani na spika ndogo na faili chache. Msimamizi wangu ameuliza nitawachezea nani kwanza. Nimemjibu makungwi, wakiwa peke yao, nami nitasubiri nje.