Granulomatosi yenye poliangiti

Granulomatosi yenye poliangiti ni ugonjwa adimu ambao kinga ya mwili huishambulia mishipa midogo ya damu, hasa ya pua, mapafu na figo.

Mapafuni ndiko unakofananishwa na ugonjwa mwingine. Picha ya eksirei huonyesha vinundu vingi vya mviringo pande zote mbili, vikubwa kwa vidogo, baadhi vikiwa na tundu katikati. Daktari akiiona kwa mgonjwa aliyekonda, anayetokwa jasho usiku na kukohoa damu, wazo la kwanza ni saratani iliyokwisha kusambaa. Hata skani ya PET haivitenganishi, kwani seli za kinga zilizojaa kwenye vinundu hivyo nazo hufyonza kwa wingi sukari yenye mionzi. Kosa hilo linaeleweka, ila ni zito: mgonjwa huweza kurudishwa nyumbani na dawa za maumivu tu, ilhali ugonjwa wake una tiba. Afrika Mashariki, ambako kifua kikuu ni kingi, matundu hayohayo huweza kudhaniwa kuwa TB.

Dalili za kumshtua daktari mara nyingi ziko nje ya kifua: mafua yasiyokwisha kwa miezi, magamba ya damu puani, masikio kuziba, macho mekundu yanayouma. Baadaye gegedu huliwa na mgongo wa pua hudidimia. Cha kuangalia kabla ya vyote ni mkojo. Kijiti cha kupimia, ambacho ni cha bei nafuu, kikionyesha damu na protini, huenda figo zinaharibika bila maumivu yoyote, jambo ambalo saratani iliyosambaa mapafuni hailifanyi kwa kawaida. Damu hupimwa kingamwili za ANCA, zilizohusishwa na ugonjwa huu mwaka 1985, kisha hukatwa kinyama cha pafu. Sindano mara nyingi huambulia tishu iliyokufa tu. Kinyama kikubwa huonyesha mishipa iliyovimba na seli kubwa zenye viini vingi, pasipo seli za saratani.

Heinz Klinger wa Ujerumani aliueleza mwaka 1931, na mwenzake Friedrich Wegener akaufafanua mwaka 1936 na 1939. Uliitwa kwa jina la Wegener hadi 2011, vyama vya madaktari vya Marekani na Ulaya vilipoliacha kwa sababu ya uanachama wake katika chama cha Nazi.

Zamani wagonjwa waliishi wastani wa miezi 5 tu. Katika miaka ya 1970 Anthony Fauci na Sheldon Wolff, nchini Marekani, walionyesha kwamba saiklofosfamaidi, dawa ya saratani, ikitolewa pamoja na prednisoni huutuliza kwa wagonjwa wengi. Dawa nyingine, rituksimabu, iliidhinishwa huko kwa ugonjwa huu mwaka 2011. Kifua kikuu hupimwa kwanza, maana dawa hizi hushusha kinga. Ugonjwa hurudi kwa wengi, hivyo mkojo na damu huendelea kupimwa kwa miaka, hata mgonjwa akijisikia mzima.