Wanandoa wamisionari wazee nchini Tonga

Wanandoa wamisionari wazee ni mume na mke, aghalabu wastaafu wasio na watoto wa kulea nyumbani, ambao Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho huwatuma pamoja. Hutumika kati ya miezi 6 na 23, na gharama nyingi huzibeba wenyewe.

Tonga ni kituo chenye historia ndefu: wamisionari wa kwanza wa kanisa hilo walifika mwaka 1891, na hekalu la Nuku'alofa liliwekwa wakfu mwaka 1983. Tofauti na vijana, wazee hawalazimiki kuhubiri nyumba kwa nyumba. Kazi zao ni za ofisi, afya, shule na utunzaji wa magari na makazi ya wamisionari vijana. Ni kazi zisizoonekana, lakini bila hizo misheni ingekwama.

Jumapili ndiyo siku inayomfundisha mgeni Tonga ni nini. Katiba yenyewe huitambua kuwa takatifu. Maduka hufungwa, na baada ya ibada familia hufukua umu, tanuri la ardhini, na kutoa lu: nyama iliyofungwa kwa majani ya majimbi pamoja na tui la nazi.

Kwa wanandoa hao, upweke wa kuwa mbali na wajukuu ni mzito, na intaneti haiaminiki daima. Volkano ya Hunga Tonga-Hunga Ha'apai ilipolipuka tarehe 15 Januari 2022, kebo ya baharini ilikatika, na kisiwa kikuu, Tongatapu, kilisubiri wiki tano kuunganishwa tena.