Karafuu, Jino na Daktari wa Mbali

Kutuliza jino kwa karafuu huhesabiwa kuwa mila ya Pwani ya tangu na tangu. Kwa maoni yangu, ilikuwa dawa ya kila nyumba baada tu ya biashara kuishusha bei. Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, Indonesia, na kwa karne nyingi karafuu ilivuka Bahari ya Hindi ikiwa bidhaa ya thamani kubwa. Miche ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Mascarene. Sultani Seyyid Said akawashurutisha wenye mashamba kupanda mikarafuu, na jasho la kuichuma likawa la watumwa, ambao utumwa wao ulifutwa kisheria mwaka 1897 tu. Dhoruba ya 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ilishika uongozi wa zao hilo. Mavuno yalipokuwa tele bei ikashuka, na kwa njia hiyo kiungo cha matajiri kiliingia katika kila jiko, na mwenye jino bovu akapata nafuu bila kutoka nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni imani tu, kama ile ya kudai kuwa jino linaliwa na mdudu. Tutenganishe mambo mawili. Habari ya mdudu ilienea duniani tangu Babeli ya kale, na mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard aliandika kuikanusha. Karafuu haikuanguka pamoja nayo. Mafuta yake yana eugenol, kemikali inayotia ganzi neva ya jino, na madaktari wa meno wenyewe huichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Wazee walikosea sababu ya ugonjwa, lakini dawa waliipata.

Basi kama inafaa, daktari wa nini? Hapa ndipo sifa ya karafuu inapogeuka hatari, kwa kuwa hutuliza maumivu bila kuziba tundu wala kutoa usaha. Neva ikifa, maumivu hupungua, na mgonjwa hudhani amepona huku uambukizo ukiteremka kwenye taya. Hata hivyo, si haki kumlaumu aliyeridhika na nafuu hiyo wakati daktari hakuwepo au alikuwa mbali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1979 tu, na katikati ya miaka ya 1980 Tanzania ndiko ilikoanzia mbinu ya kusafisha na kuziba jino kwa vifaa vya mkono, bila umeme. Hilo ndilo jibu la umbali, nalo lilibuniwa hapa hapa.

Kwa hiyo karafuu ibaki dawa ya kuvusha usiku, kwa kiasi, maana mafuta yake mengi huunguza fizi. Shavu likivimba, homa ikipanda au kumeza kukiwa shida, usingoje asubuhi: nenda hospitali.