Kutoka Mkekani Hadi Maabara
Kabla madawati hayajapangwa safu kwa safu katika skuli za Kombani, pale njia ya Kwale iachanapo na ile iendayo Lunga Lunga, ilmu ilitafutwa chuoni, ambako wanafunzi, wameketi mkekani kumzunguka mwalimu wao, walisomeshana, mkubwa akimsahihisha mdogo harufi kwa harufi. Ukoloni ulileta safu. Maabara nazo zikapata meza zilizokazwa sakafuni, ati kwa ajili ya mabomba ya maji na gesi, hoja ambayo kwa rai yangu ilikuwa nusu udhuru. Mwaka 1998 Kenya na Japani zilianzisha mradi wa SMASSE, uliowahimiza walimu wa sayansi wawaachie wanafunzi watende majaribio wenyewe, hata kwa vifaa vya kuokoteza. Na Januari 2026 mtaala wa umilisi uliingia Gredi ya 10, ukizikuta meza zile zingali zimekazwa.