Kunyoosha Meno Si Kazi, Kazi ni Kuyazuia

Yapata miaka 2,000 iliyopita, Mroma aliyeitwa Celsus aliandika katika kitabu chake cha tiba kwamba mtoto akiota jino la ukubwani kabla la utotoni halijatoka, lile la utotoni ling'olewe na jipya lisukumwe kwa kidole kila siku mpaka lifike mahali pake. Waya haukuwapo, wala gundi, kidole tu. Ushauri huo mfupi una mambo mawili ndani yake. La kwanza ni kwamba jino husogea likisukumwa kidogo kidogo kwa muda mrefu, na hilo lilieleweka mapema. La pili ni swali ambalo Celsus hakuliuliza: kidole kikishaondoka, nini kitalizuia jino lisirudi? Swali hilo limewasumbua madaktari kuliko jingine lolote katika fani hii, na ndiyo sababu nadai kwamba historia ya kupanga meno, ikisomwa kwa makini, ni historia ya kuyazuia kuliko ya kuyasogeza. Kijana anayevaa vyuma kwa miaka miwili akiamini kwamba siku vitakapotolewa kazi itakuwa imekwisha, ameambiwa nusu ya habari.

Tuanze na Pierre Fauchard, Mfaransa ambaye kitabu chake kikubwa kuhusu meno kilitoka mwaka 1728. Alitengeneza utepe wa chuma uliopinda kufuata mviringo wa taya, akautoboa matundu, na meno akayafunga humo kwa uzi ili yafuate umbo la utepe. Alipotaka matokeo ya haraka alilishika jino kwa koleo, akaligeuza kwa nguvu mara moja, kisha akalifunga kwa majirani zake mpaka likaze. Hata katika njia hiyo ya kutisha, kulisogeza jino kulikuwa kwa dakika, kulizuia kulikuwa kwa siku nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Msweden Carl Sandstedt aliwafanyia mbwa majaribio akaonyesha kinachotokea ndani ya taya: upande jino linakosukumiwa mfupa huliwa, na upande linakotoka mfupa mpya hujengwa. Kwa hiyo jino halipenyi kwenye mfupa. Mfupa ndio unaobomolewa mbele yake na kujengwa nyuma yake, kwa mwendo wa kama milimita moja kwa mwezi. Lakini jino halikushikwa na mfupa peke yake. Nyuzi nyembamba huliunganisha na mfupa, na nyingine huliunganisha na fizi. Zile za mfupani hujipanga upya ndani ya miezi michache. Zile za fizi ni wakaidi: mwaka 1967 Kaare Reitan wa Norway alionyesha kwamba jino likizungushwa, nyuzi hizo hubaki zimevutika kwa miezi mingi, na muda wote huo zinalivuta lirudi lilikotoka.

Mtu aliyeipa fani hii sura yake ya leo hakulijua hilo. Edward Angle, Mmarekani ambaye wengi humwita baba wa taaluma hii, alitoa mwaka 1899 utaratibu wa kuainisha kasoro za kuumana kwa meno ambao bado unatumika, na mwaka 1900 akafungua shule ya fani hiyo mjini St. Louis. Imani yake ilikuwa kwamba kila jino lina nafasi yake kinywani, na kwamba magego ya juu yakishakaa sawasawa juu ya yale ya chini, kutafuna kwenyewe kutayashikilia yote. Kwa hiyo kung'oa jino ili kupata nafasi aliona ni dhambi, na kifaa cha kuzuia akakiona ni msaada wa kupita. Uzuri wa uso aliupima kwa sanamu ya Apollo iliyoko Vatican, kipimo ambacho msomaji wa pwani yetu, anayeuhesabu mwanya kuwa pambo, ana haki ya kukitilia shaka. (Na mwanya wenyewe ni miongoni mwa vitu vigumu sana kuvifunga vikabaki vimefungwa.) Calvin Case alimpinga hadharani mwaka 1911 katika mjadala uliogeuka ugomvi wa kikazi, lakini wafuasi wa Angle walikuwa wengi na sauti zao kubwa.

Pigo lilitoka nyumbani. Charles Tweed, mwanafunzi mwaminifu wa Angle aliyefanya kazi Tucson, Arizona, aliwatibu watu kwa miaka kadhaa bila kung'oa jino, kama alivyofundishwa. Kisha akawatazama tena wale aliokwisha kuwamaliza, akakuta kwa wengi meno yamebanana upya na midomo imesukumwa mbele. Aliwatibu upya 100 kati yao, safari hii akiwang'oa magego madogo manne kila mmoja, na mwaka 1940 akaweka vielelezo vyao mbele ya wenzake. Raymond Begg, naye mwanafunzi wa Angle, alikuwa amefikia uamuzi kama huo huko Adelaide, Australia. Kwa kizazi kizima ikaaminika kwamba fumbo limefumbuliwa: nafasi ikipatikana, meno yatatulia.

Hayakutulia. Katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Robert Little na wenzake walifanya jambo ambalo madaktari wachache hulipenda, yaani kuwaita wagonjwa wa zamani na kuwapima. Mwaka 1981 walitoa matokeo ya watu 65 waliokuwa wameng'olewa magego madogo na kupangwa meno, miaka isiyopungua 10 baada ya kuacha vifaa vya kuzuia. Waliobaki na meno ya mbele ya chini yaliyopangika vya kutosha hawakufika asilimia 30. Mwaka 1988 walitoa matokeo ya kundi lililofuatiliwa hadi miaka 20, na waliobaki salama walikuwa kama mmoja katika kila 10. Little alitafuta kwa bidii dalili ya kumtabiria nani atarudi nyuma na nani atabaki: umri wa kuanza, muda wa tiba, ukubwa wa kasoro ya awali, jinsia. Hakupata hata moja ya kutegemewa. Kwa maoni yangu hayo ndiyo matokeo mazito kuliko yote katika historia hii, kwa sababu daktari akishindwa kutabiri ni nani ataharibikiwa, hana budi kumkinga kila mmoja.

Yupo atakayesema kwamba hao walitibiwa vibaya. Ingekuwa hivyo, watu wasiowahi kuguswa na waya wangebaki na meno yao yalivyo. Mwaka 1983 Peter Sinclair na Little huyohuyo walichunguza watu 65 waliokuwa na meno mazuri kwa asili, hawakutibiwa kamwe, na wakaona meno ya mbele ya chini yakizidi kubanana kadiri walivyokua. Taya haziachi kubadilika mtu akishakomaa, na meno huzifuata. Mwingine atalilaumu gego la mwisho, lile linalochelewa kuota, kwamba ndilo linalosukuma wenzake. Imani hii imewang'olesha watu wengi magego yasiyowauma. Hata hivyo kubanana huwapata pia watu waliozaliwa bila magego hayo, na jaribio lililochapishwa Uingereza mwaka 1998 na Harradine na wenzake, ambamo baadhi ya vijana waling'olewa na wengine wakaachwa, lilihitimisha kwamba kung'oa kwa sababu hiyo pekee hakuna msingi. Gego lililooza au linalovimbisha fizi ni habari nyingine.

Kilichobaki basi ni kifaa cha kuzuia, ambacho wagonjwa na madaktari wetu wamezoea kukiita ritena. Charles Hawley alieleza mwaka 1919 kile kinachobeba jina lake hadi leo, kibao chembamba cha kukaa kwenye kaakaa chenye waya unaopita mbele ya meno. Kinachofurahisha ni kwamba chombo hiki kilichodharauliwa ndicho kilichozaa tiba mpya mara kwa mara. Viggo Andresen, daktari wa Skandinavia, alimtengenezea binti yake kifaa cha kuzuia meno wakati wa likizo. Aliporudi, baba akakuta taya zimejirekebisha zaidi, na kutoka hapo ikatokea njia iliyotawala Ulaya kwa miaka mingi. Mwaka 1945 Harold Kesling wa Marekani alitoa kifaa cha mpira cha kumalizia na kushikilia meno, akabashiri kwamba vikifuatana vingi vitaweza kuyasogeza vyenyewe. Ubashiri wake ulitimia mwaka 1997, Zia Chishti na Kelsey Wirth walipoanzisha kampuni ya Align Technology inayotengeneza vifuniko vya plastiki angavu vya Invisalign. Inasimuliwa kwamba Chishti alipata wazo hilo kutokana na ritena yake mwenyewe: akiacha kuivaa meno yalisogea, akiirudisha yalirudi.

Pingamizi la mwisho ndilo zito. Kama ritena ni ya maisha, kwa nini mzazi aingie gharama kuanzia mwanzo? Jibu langu ni kwamba gharama ya kuzuia ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kupanga. Baada ya miezi ya mwanzo wengi huvaa usiku tu. Wapo wanaogundishiwa waya mwembamba wa kusokotwa nyuma ya meno ya mbele, njia iliyoenezwa na Bjørn Zachrisson wa Oslo tangu miaka ya 1970. Waya huo hauhitaji kukumbukwa, lakini hukusanya ukoga, na gundi ikiachia kwenye jino moja mwenyewe huenda asijue mpaka jino limekwisha kuondoka. Kwa hiyo uzi wa meno upitishwe chini yake na daktari auangalie mara kwa mara. Ile ya plastiki isafishwe kwa mswaki na maji ya baridi, kwani maji ya moto huikunja isivalike tena, na itunzwe kwenye kikopo chake. Ritena nyingi hupotea mezani zikiwa zimefungwa kwenye karatasi ya kufutia mikono.

Mzazi anayekwenda kuzungumza bei ya vyuma na aulize papo hapo, kabla ya kulipa chochote: ritena imo katika bei hiyo, ikipotea au ikivunjika nyingine ni kiasi gani, na nani atamwangalia mtoto mwaka wa tatu na wa tano baada ya vyuma kutolewa. Daktari asiye na jibu la maswali hayo asipewe kazi.